Penalti ya Sumaku

MTANGAZAJI: Haloo? Haloo, nani mwenzangu?

SHEMEJI: Mimi, shemeji yako. Mke wa Sumaku.

MTANGAZAJI: Aaa, shemeji! Namba ngeni hii, nikadhani ni wale wa kunidai. Habari za huko?

SHEMEJI: Nzuri... hapana, si nzuri. Tupo hospitali. Wodi ya wanaume.

MTANGAZAJI: Mzee anaendeleaje?

SHEMEJI: Daktari kaniita pembeni. Kaniambia niwaite watoto.

MTANGAZAJI: Mungu wangu. Nakuja. Navaa viatu sasa hivi—

SHEMEJI: Hutawahi, uko mbali. Nisikilize kwanza. Hafumbui macho, ila anasikia. Nikiitaja timu, vidole vya miguu vinacheza chini ya shuka. Nataka umtangazie mpira.

MTANGAZAJI: Nimtangazie... kwenye simu?

SHEMEJI: Kwa sauti yako ile ya redioni.

MTANGAZAJI: Sauti gani, shemeji? Hii iliyobaki ni ya kufukuzia kuku.

SHEMEJI: Hiyo hiyo.

MTANGAZAJI: Haya. Nimpe lile goli la nusu fainali, alivyowakalisha mabeki chini mmoja mmoja? Siku ile ndiyo nilimpa jina la Sumaku, mpira ulivyomganda—

SHEMEJI: Hapana. Nataka penalti.

[Mtandao unakwaruza.]

MTANGAZAJI: Penalti ipi?

SHEMEJI: Unaijua.

MTANGAZAJI: Shemeji, ile alipaisha. Dunia nzima iliona.

SHEMEJI: Leo iingie.

MTANGAZAJI: Usinifanyie hivyo. Mimi tangu nishike kipaza sauti sijawahi kutangaza goli ambalo halikuingia.

SHEMEJI: Wacha wee! Ile mechi ya mvua kubwa, ulikuwa unauona mpira?

MTANGAZAJI: ...Nilikuwa nakisia. Lakini si goli!

SHEMEJI: Mtangazaji, anaiota. Kila akisinzia, "Rudisheni mpira, niupige tena." Juzi kaja nesi, binti mdogo kabisa, hakuwa hata amezaliwa siku ile. Kalisoma jina pale kitandani, akaniuliza, "Mama, huyu si ndiye yule aliyekosa penalti?" Magoli yote yale! Watu wamewaita watoto wao Sumaku!

MTANGAZAJI: Fadhila za punda.

SHEMEJI: Mateke. Na mateke mengine nimepigwa mimi.

MTANGAZAJI: Wewe tena? Kwa lipi?

SHEMEJI: Nilikuwepo.

MTANGAZAJI: Uwanjani?

SHEMEJI: Ndiyo siku pekee niliyowahi kwenda. Nimejifunga kitambaa changu kipya cha njano, jukwaa kuu, najiona malkia. Tuliporudi nyumbani hakunipiga, hakunitukana. Alikaa kitandani na soksi zake akasema, "Mama watoto, usije tena. Ukija, mpira unanigomea." Basi.

MTANGAZAJI: Kwa hiyo hukurudi?

SHEMEJI: Akacheza mpaka akastaafu, mimi nipo jikoni na redio. Kila goli lake nimeliona kwa mdomo wako. Ukisema "mashabiki wote wamesimama," nami nasimama, na mwiko mkononi.

MTANGAZAJI: Sikujua, shemeji. Wallahi sikujua.

SHEMEJI: Ungejuaje? Nimenyamaza. Ila inauma. Hadi leo inauma.

MTANGAZAJI: Mwekee simu sikioni.

SHEMEJI: Sauti ni kubwa, wote tunasikia. Haya. Baba, mpira umeanza.

MTANGAZAJI: [Anakohoa.] Wasikilizaji popote mlipo! Uwanja umetapika, watu wamekaa mpaka juu ya ukuta! Dakika za mwisho za fainali, na mwamuzi anaonyesha— penalti! Nani anauchukua mpira? Nani mwingine? Sumaku! Anaupangusa kwa jezi. Anauweka. Kipa anarukaruka, kiatu kinambana au ni roho? Na pale jukwaa kuu namwona mkewe, kasimama—

SHEMEJI: Usinitaje! Mtangazaji, usinitaje mi—

MTANGAZAJI: —kasimama na kitambaa chake cha njano! Sumaku anamtazama. Anarudi nyuma. Kimyaaa uwanja mzima. Anakuja, anakuja Sumaku, anapigaaa... goooli! Gooooli! Kipa kulia, mpira kushoto! Ni gooo— [Anakohoa sana.] —goli, wasikilizaji. Limeingia.

[Mtandao unakwaruza.]

MTANGAZAJI: Haloo? Shemeji? Amesikia?

SHEMEJI: Ngoja! Midomo inatikisika.

MTANGAZAJI: Anasemaje?

SHEMEJI: Kafumbua macho. Mtangazaji, kafumbua macho! Anaangalia dari, mimi hanioni...

MTANGAZAJI: Sogea karibu.

SHEMEJI: Anauliza... Anauliza, "Mke wangu ameona?"

MTANGAZAJI: Mjibu basi! Mjibu, shemeji!

SHEMEJI: Nimeona, baba. Nipo hapa. Nimeliona kwa macho yangu. Limeingia, baba. Limeingia.

[Analia.]

MTANGAZAJI: Shemeji...

SHEMEJI: Shh. Anasema tena. ...Eh? Sema, baba.

[Shuka linachakacha.]

MTANGAZAJI: Haloo? Bado upo?

SHEMEJI: Anasema, mwambieni na mechi ya Jumapili aje.

MTANGAZAJI: [Anapenga kamasi.] Mimi... salio langu... hapana, wewe ndiye uliyepiga. Kaa naye. Nakuja. Hata nisipowahi, nakuja.

SHEMEJI: Njoo. Na simu kata wewe.

MTANGAZAJI: Nikate mimi?

SHEMEJI: Kata wewe, mie siwezi. Mkono kaushika, na sitaki auachie.