Hakuna Aliyembishia Spika

Benchi la mbele ya kinyozi lilikuwa na wenyewe, na kila jioni wenyewe hao walilikalia wakinywa kahawa na kuhukumu kesi za dunia nzima. Kinyozi, waliyemwita Wakili, alikaa karibu na mlango wake ili mteja asimpite. Msumari, seremala, alikaa katikati. Pembeni alikaa Spika, fundi redio, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyefunga kila mjadala, maana hakuna aliyemweza kwa maneno. Kisha kiharusi kikampiga. Miguu ilirudi, mkono wa kulia ukarudi nusu, ila maneno yaligoma. Akitaka maji, mdomo ulitoa "meza." Akili yake ilikuwa timamu, alisikia kila kitu na kuelewa kila kitu, na hilo ndilo lililomkera.

Jioni hiyo walikuwa wanamjadili yeye, naye yupo.

Wakili alianza kwa upole. Alidai ulimi wa Spika umekufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa vibaya, na siku moja utaamka wenyewe. Msumari akapinga. Kila mtu huzaliwa na kipimo chake cha maneno, alisema, na Spika alishatumia ya watu watatu kabla hajazeeka. Muuza kahawa, huku akimimina, akasema yeye alisikia maneno yakikwama hushukia tumboni, ndiyo maana siku hizi Spika ana kitambi. Wakili hakukubali kupitwa. Akatoboa siri kwamba mtu akiinamia redio miaka yote ile, mawimbi humnyonya.

— Huko mbali kuna mtu anafungua redio yake asubuhi, alisema, anamkuta Spika anagombana.

Spika alitaka kucheka, na alitaka zaidi kuwakatisha. Jibu alikuwa nalo, kali na fupi. Alifungua mdomo, neno likafika mlangoni likageuka.

— Kiatu, alisema.

— Kabisa, kaka, umesema kweli, alijibu Msumari, kwa sauti ya kumwita mtu wa ng'ambo ya barabara, kana kwamba kilichoharibika ni masikio.

Wakili naye akatikisa kichwa kukiunga mkono kiatu.

Spika akatazama vidole vya miguu yake. Moyoni alikwisha kuamua, ingawa hakuwa na namna ya kumwambia mtu, kwamba kesho haji. Afadhali ukuta wa chumbani, ambao angalau haumkubalii kila kitu.

Ndipo mpwa wake, binti wa dada yake, alipofika kumchukua. Alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu na amekuja likizo. Alipopata nafasi ile ya chuo, Spika alitangazia mtaa mzima kwamba msichana anasomea utangazaji, maana jina la kozi yake, "sayansi ya usemi na usikivu", alilisikia nusu. Sasa Wakili akamchokoza: hivi kweli kuongea kunasomewa miaka yote hiyo, wakati yeye alifundishwa bure na mama yake?

Binti akacheka, akaeleza. Wanasoma sikio linavyopokea sauti, ubongo unavyotafuta neno, na kinywa kinavyolitamka. Hospitali wanakofanya mazoezi wanakaa na watoto wenye kigugumizi, na wazee wasiosikia vizuri, na watu kama mjomba. Maneno ya mjomba hayajaenda popote, alisema. Yamo humo humo. Njia ya kuyafikia ndiyo iliyoharibika, na haifunguki mpaka mwenyewe aipite tena na tena.

— Basi sisi tunamsaidia sana, alisema Msumari kwa fahari. Chochote anachosema, tunakubali.

Binti akaketi ukingoni mwa benchi.

— Tangu mjomba augue, aliuliza, nani kati yenu amewahi kumbishia?

Msumari alichungulia ndani ya kikombe chake. Wakili, ambaye hajawahi kukosa la kusema hata kwenye kesi isiyomhusu, alikuna shingo. Spika aliwatazama mmoja mmoja, na macho yakamchoma.

Mwishowe Wakili akageuka, akamtazama rafiki yake usoni.

— Spika. Ile habari yangu ya mawimbi, ni kweli au si kweli?

Msumari alitaka kumjibia. Binti akamgusa goti kumzuia. Spika alilisaka neno. Aliliona lilipo, akanyoosha mkono, akashika neno la jirani.

— Udongo.

Kichwa cha Msumari kilishaanza kukubali.

— Udongo nimekataa, alisema Wakili. Sema unachotaka kusema.

Hasira ilimpanda Spika, ile hasira tamu ya zamani, ya mtu anayebishiwa na asiyejua lolote.

— U... uongo.

— Uongo uko wapi? Thibitisha, alisema Wakili.

Birika lilikuwa tupu. Muuza kahawa alikuwa amekwisha kukusanya vikombe, lakini akaviweka chini tena. Spika alisogea mbele, akainua kidole cha mkono mzima, akaanza kutafuta neno la pili. Lilichelewa sana. Na wale watu wawili, ambao maisha yao yote hawakuwahi kumwacha mtu amalize sentensi, wakasubiri.