Timotheo Petro Kondo, Aliyemtafutia Meneja Mtani

Mchungaji, wazee wetu, majirani wa Kisanga, nanyi mliotoka Kilosa na Mikumi kuja kutushika mkono, shikamooni. Mimi ni Yunis, binti wa kwanza wa marehemu. Ndugu zangu wameamua niandike mimi kwa sababu ni mwalimu, na kwa sababu, wanavyosema wao, maswali ya baba nimeyarithi mimi yote.

Marehemu Timotheo Petro Kondo alizaliwa tarehe 14 Machi 1922 hapa hapa Kisanga, mtoto wa tatu wa Mzee Petro Kondo na Bibi Debora. Shangazi zake walisimulia kwamba alipopewa kijishamba chake cha kwanza cha karanga, alikuwa akizifukua kila asubuhi aone zimefikia wapi, mpaka zikafa. Alichapwa, akalia, kisha akauliza kama zimekufa kwa kufukuliwa au kwa kushikwashikwa. Inasemekana baba yake alimpa mbegu nyingine.

Alianza masomo katika shule ya misheni ya hapa mwaka 1931, akaendelea na shule ya kati hadi darasa la nane mwaka 1940. Huko ndiko alikobatizwa na kupata kipaimara. Mwalimu wake mmoja, aliyeishi muda mrefu akatutembelea tukiwa watoto, alituambia kwamba Timotheo alikuwa mwanafunzi mwema, ila ukimfundisha somo la nusu saa ujue litamalizika kesho.

Mwaka 1941 aliajiriwa kuwa karani wa mahudhurio katika Shamba la Mkonge la Kwambehe, nje kidogo ya mji wa Kilosa, wakati huo likiwa mali ya Mgiriki. Alibaki hapo maisha yake yote ya kazi. Uhuru ulimkuta bado karani. Shamba lilipotaifishwa mwaka 1967 na wazungu wakaondoka, alipandishwa kuwa Afisa Utumishi. Nilikuwa msichana mkubwa wakati huo, nikamuuliza hiyo ni kazi gani. Alisema ni kazi ya kujua nani anajua nini.

Alifunga ndoa na mama yetu, Elizabeti, binti wa katekista wa Kilangali, tarehe 9 Agosti 1947. Mshenga alipokwenda kuposa, marehemu alimtuma pia aulize binti ana kasoro gani, jambo ambalo kwa desturi haliulizwi. Wakwe walishangaa, wakashauriana, wakajibu kwamba kasoro yake ni kujibu kila anachoulizwa. Marehemu alisema huyo huyo. Mama anacheka hapo alipo, kwa hiyo nadhani nimesimulia sawasawa.

Mwezi Juni 1969 lilitokea jambo ambalo wengi wenu mnalikumbuka. Korona, ile mashine ya kukamua majani ya mkonge, ilimkata vidole viwili Bi Costancia, aliyekuwa akipokea singa, zile nyuzi za mkonge, upande wa kutokea. Meneja wetu alikuwa mgeni, Mpare wa Usangi, mtu msafi na mwadilifu, na alikuwa ametoa amri mashine isisimamishwe mchana ili shamba lifikie lengo. Aliitisha kikao akataka kujua nani kakosea. Marehemu alizunguka kiwandani na swali lake jingine: nani alijua? Akakuta walijua wote. Mnyororo wa mashine ile ukipata moto bila kupumzishwa huruka, na hilo lilijulikana kwa fundi, kwa mnyapara, hata kwa mama aliyeuza uji getini. Marehemu mwenyewe aliwahi kulisikia wakati wa chai. Kumbe ni Meneja tu aliyekuwa hajaambiwa. Watu walimpa shikamoo, akaitika marahaba, na mazungumzo yakaishia hapo.

Jambo hilo lilimnyima baba raha. Amri ilikuwa palepale, mnyororo ni ule ule, na nafasi ya Bi Costancia ilishajazwa na mwanamke mwingine mwenye vidole kumi. Alijaribu kumwambia Meneja kwa adabu, kwa kuzungukazunguka, na Meneja akamshukuru kwa adabu bila kuelewa alichoambiwa.

Kisha siku moja akiwa chumba cha brashi, singa zinakosuguliwa na kuchambuliwa, alimsikia Mnyamwezi mmoja akimwambia mnyapara wake, Msagara, mbele ya watu wote, kwamba singa alizozipitisha jana zinafaa kufungia mbuzi. Mnyapara alimtukana, wakacheka, kisha singa zikarudiwa. Marehemu aliduwaa pale mlangoni. Kwa nini neno hili limepita na lile la mnyororo limekwama? Jibu lilikuwa mbele ya macho yake: hawa ni watani. Alipowafikiria watu wa Kwambehe, Wasagara, Wanyamwezi, Wangoni, Wahehe, Wagogo, aliona kila mmoja ana mtu wa kumwambia ukweli usoni asikasirike. Meneja peke yake hakuwa na mtani, maana watani wa Wapare ni Wachagga, na Kwambehe hakukuwa na Mchagga hata mmoja.

Mwezi Agosti alipanda basi hadi Mikumi, akaketi katika mgahawa wa madereva wa malori kando ya barabara ya Iringa, akawa anawauliza makabila yao. Mmoja alidhani ni askari kanzu, akauacha ugali wake mezani akaondoka. Kesho yake akampata Rafaeli, Mchagga wa Kibosho, ambaye lori lake lilikuwa limekufa injini na tajiri wake hana haraka ya kulifufua. Marehemu alimwajiri kuwa dereva wa Landrova ya Meneja. Rafaeli aliuliza masharti ya kazi, akaambiwa aendeshe vizuri na kila mchana akanywe chai na watu wa korona. Alitusimulia mwenyewe baadaye kwamba aliona ni shamba la watu wa ajabu, lakini chai ilikuwa nzuri.

Haikupita wiki. Wakiwa garini, Rafaeli alimgeukia bosi wake.

“Mpare, mashine yako inakula vidole vya watu. Au unangoja kesi ifike mahakamani ndiyo uamini?”

“Nani kakwambia, Mchagga?”

“Wote wanajua. Umebaki wewe.”

Mtu mwingine angefukuzwa papo hapo. Meneja alicheka, maana mtani hanuniwi, kisha akaamuru gari ligeuzwe. Jioni ile alisimama mbele ya korona akataka aelezwe, na kuanzia siku ile mashine ikawa inapumzishwa kila mchana. Mpaka marehemu anastaafu hakuna mwingine aliyeumia pale.

Lakini habari za Mikumi zilifika tawi la chama. Nchi ilikuwa inajenga watu wamoja, na huyu afisa anakaa mgahawani kuuliza watu makabila na kuajiri kwa makabila. Januari 1970 aliitwa kujibu, na mama alianza kufunga vyombo akijua tutatolewa nyumba ya shamba. Marehemu alijibu kwa kifupi, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

“Sikutafuta Mchagga. Nilitafuta mtu ambaye Meneja hawezi kumkasirikia.”

Kikao kiligawanyika. Bi Costancia aliomba ruhusa ya kusema, akasema yeye angependa mtani huyo awe aliajiriwa tangu mwezi Mei, vidole vyake vikiwa bado kumi. Hata hivyo marehemu aliondolewa ofisini akapelekwa bohari kugawa majembe na magunia, na alikaa huko mwaka mzima hadi Meneja mwenyewe alipoomba arudishwe. Iliniuma sana wakati ule, na bado inaniuma. Yeye alisema bohari ni mahali pazuri pa kusikia mambo.

Aliporudi ofisini alifanya jambo ambalo sijalisikia kwingine. Mwaka 1972 aliajiriwa mlinzi kijana, Parit, Mmaasai wa mbuga za Mikumi, ambaye hakuwa na mtani hata mmoja pale na alikaa kimya kama mgeni msibani. Marehemu aliona mtu anayezunguka shamba zima lazima ameona mengi. Akamwita, akamwambia kuanzia leo mimi na wewe ni watani, utani tumeubuni sasa hivi. Parit alisema atafikiria. Baada ya wiki kadhaa alimwendea ofisini, akamwambia kwamba viatu vyake vinatembea kama punda mgonjwa na ua wa upande wa mto umeoza wote. Marehemu alitengeneza ua. Viatu alivivaa hadi vikaisha.

Alistaafu tarehe 31 Machi 1977, akarudi Kisanga kulima, akawa mzee wa kanisa na mjumbe wa kamati ya kijiji. Mwaka 1982 alianza kuumwa moyo. Alilazwa Morogoro mara mbili, akarudi nyumbani akiwa amedhoofika, miguu imevimba. Ninyi mlikuja kumwona, na tunawashukuru. Kila aliyeingia alimwambia utapona tu, Mzee, na sisi watoto tulisema hivyo hivyo, na yeye aliitikia asante. Mwishoni mwa Septemba mwaka huu Parit alikuja kutoka Mikumi, akakaa kwenye kigoda kando ya kitanda.

“Mtani, unakufa,” alisema. “Una neno la kumwambia mkeo, au unangoja uwe mzuka ndipo uje kumwambia?”

Kaka yangu Danieli alisimama kumtoa nje. Baba alicheka mpaka akakohoa, akamwashiria Danieli akae, kisha akatuomba sote tutoke na mama aingie. Walikaa mle ndani mpaka chai tuliyowapelekea ikapoa. Mama hajatuambia walisema nini, na tumemuuliza, maana mnajua sisi ni watoto wa nani. Siku zilizofuata baba alituita mmoja mmoja. Alichoniambia mimi nitakaa nacho.

Marehemu aliaga dunia nyumbani kwake siku ya Jumatano, tarehe 12 Oktoba 1983, saa tano asubuhi, akiwa na umri wa miaka 61.

Ameacha mjane, Elizabeti, watoto wanne, Yunis, Danieli, Melkizedek na Marita, wajukuu tisa, dada yake mmoja, na mtani mmoja, Parit, ambaye amesimama pale nyuma na tangu jana hajasema neno. Mungu ampumzishe baba yetu kwa amani, na amvumilie maswali yake.