Jembe Linalosubiri Chala

Gari la kwenda Chala lilipotoka stendi ya Kizwite, mama aliyekaa mbele ya Yoramu alibonyeza kisanduku kidogo chenye nyaya zilizopita chini ya kitenge chake mpaka kiunoni. "Ndiyo nini hiyo, mama?" akauliza jirani yake, mfanyabiashara mwenye kofia. "Umeme wa kutuliza mgongo, baba. Unachomachoma, kisha maumivu yanapoa. Ila daktari kasema nisishike jembe mwezi mzima."

"Mke wangu alitumia hicho. Kesho yake akainua matuta kama tingatinga."

"Na wewe umekaa pembeni unahesabu matuta?"

"Kama haumwi tena, nimzuie kwa lipi?"

"Jino likitiwa ganzi, limepona?"

Mfanyabiashara akacheka peke yake. Yoramu alitazama dirishani. Marehemu mkewe alikuwa akimeza vidonge vya maumivu alfajiri ili aweze kulima, naye alimsifu mbele za watu kwamba hachoki.

Gari liliposimama Chala, yule mama alibandua vibandiko vya nyaya mgongoni, akakificha kisanduku ndani ya mfuko wa unga. "Mume wangu akijua napata nafuu," akasema, "nalala shambani na jembe." Akashuka ameinama zaidi kuliko alivyopanda.