Picha Zilizofika Kinango: Tunamuaga Bi Maimuna wa Studio

Ifikapo tarehe thelathini mwezi huu wa Agosti, Bi Maimuna Kheri atakuwa ametimiza miaka ishirini na minane katika Studio ya Picha ya Alamin, hapa Ukunda, na siku hiyo ndiyo atakayorudisha ufunguo. Kwa wageni mnaosoma ratiba hii huku mkisubiri chai, Bi Maimuna ndiye mpiga picha wetu wa upande wa wanawake. Wengi wenu mlioketi hapa aliwapiga picha siku mlipopambwa, na wengine aliwapiga mama zenu.

Nimeombwa niandike mimi kwa sababu nitakaa mahali pake, na kwa sababu, kama alivyosema Bwana Alamin mwenye studio, mimi silali hata hivyo. Nina mtoto wa miezi kumi anayeota meno. Pakiwa na neno lililokosewa, tusameheane.

Alianza mwaka 1997, enzi za filamu, akiwa mfagiaji na mpokea wageni. Wakati ule filamu zote zilipelekwa Mombasa kusafishwa, na waliozisafisha walikuwa wanaume. Siku moja akamuuliza marehemu mzee wetu, baba yake Bwana Alamin: bibi harusi anafunikwa kanga kutoka chumbani mpaka garini asionekane, kisha picha yake inapelekwa kwa mwanamume asiyemjua aioshe kwenye dawa? Mzee alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Lakini hakupitisha msimu, akamjengea chumba cha giza nyuma ya duka na kumtafutia mwalimu. Tangu hapo picha za wanawake zikapigwa na mwanamke, zikasafishwa na mwanamke, zikakabidhiwa mkononi mwa mwanamke.

Zikaja kanda za video, zikaja sidii, zikaja flashi, na kwa kila kitu kigeni kilichoingia yeye alikuwa na swali moja: "Na hii italala wapi?" Mteja akimwambia, "Nitumie tu kwa WhatsApp, Bi Maimuna, mbona unanisumbua," alijibiwa, "Njoo na flashi yako, na uje kwa miguu yako." Wengine walinuna. Walikuja.

Simu zilipoanza kuwa na kamera, yeye ndiye aliyeanza kusimama mlangoni na kapu la ukili, kila mgeni aweke simu yake kabla ya kuingia anakopambwa bibi harusi. Wanaokumbuka harusi moja kule Gasi watakumbuka mama wa bwana harusi alivyojishika kiuno mbele yake pale mlangoni. "Hata mimi?" "Hata wewe, mama. Wewe ndiye mwenye ndugu wengi." Simu ikaingia kapuni, na mama huyo akacheza chakacha kuliko wote, maana mikono ilikuwa mitupu.

Msifikiri aliichukia teknolojia. Kamera mpya alizizoea kabla yetu. Alichokichukia ni vile tunavyobonyeza "ruhusu" bila kusoma. Nilipoweka programu ya tochi kwenye simu yangu alinyoosha mkono akaitazama. "Tochi inataka majina ya watu wako wote. Inataka kumulika au kuposa?" Nikaitoa hapo hapo. Na mwanangu alipozaliwa, kila mtu aliyekuja kunitazama alimpiga picha akaenda zake. Bi Maimuna alikuja na kamera imefungwa, akaketi, akanisaidia kukunja nepi, ndipo akauliza, "Nimpige? Na ungependa ikae wapi?" Sijaulizwa hivyo na mtu mwingine hadi leo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo baadhi yenu mmelisikia vibaya sokoni. Bibi harusi anayehusika ameruhusu lisemwe, ila hatumtaji jina. Bwana Alamin amelisoma na hakukata neno. Tembo na mkewe Sidi wa Kinango wamekubali tuwataje, na Sidi amesisitiza.

Mwaka jana tulinunua kompyuta mpya. Studio ina akaunti moja ya mtandaoni, na tulikuwa tumeiingiza kwenye simu yangu, ya Beryl anayetengeneza picha, na ya Mwero dereva, ili Mwero aone picha ya ukumbi na njia ya kufika. Picha za wanawake hazikuwahi kuwekwa humo. Zilikuwa na kompyuta yao kuukuu isiyojua mtandao ni nini. Ile mpya, kumbe, ilikuja na programu inayonakili yenyewe kila kitu na kukipeleka kwenye akaunti. Hakuna aliyeuliza. Kompyuta kuukuu ikafa, na Beryl akaweka picha za harusi moja ya Msambweni kwenye mpya.

Asubuhi moja Beryl akaangua kicheko. Beryl ni dada wa bara na hucheka kwa mwili mzima. "Wacha! Bi Maimuna, kuja uone. Tumeanza kupiga mbuzi picha?" Katikati ya bibi harusi mwenye hina mpaka magotini na shangazi zake walikuwa wamesimama mbuzi. Madume, majike, mmoja anatafuna kamba. Sote tulicheka. Bwana Alamin, kutoka kule kaunta, akauliza bwana harusi ni yupi.

Bi Maimuna hakucheka. Aliketi kwenye kiti cha wateja. "Beryl, mbuzi wa huyo mtu wamefikaje kwetu?"

"Ni ile akaunti. Lazima simu yake imo ndani."

"Basi kama mbuzi wake wanakuja kwetu," akasema, "na sisi tunakwenda kwake."

Kicheko kikakatika kama umeme. Beryl akatazama orodha ya simu zilizomo, akaikuta ya Mwero. Na Mwero alikuwa ameiuza miezi kadhaa nyuma kwa fundi hapa Ukunda. "Lakini nilifuta picha zote, wallahi!" Alifuta picha. Akaunti hakuitoa. Fundi akamuuzia mtu, na kila alichoweka Beryl kikaenda kwa mtu huyo.

Beryl alibadilisha nenosiri na kuitoa ile simu kwenye akaunti. Lakini alituambia ukweli: zilizokwisha kushuka kwenye simu huenda bado zimo, na hawezi kuzifikia kutoka hapa. Nilikuwa nikinyonyesha, na maziwa yalikata. Nilimfikiria yule msichana. Alikaa mbele ya Bi Maimuna bila mtandio kwa sababu aliambiwa wanaomwona wamo humu ndani tu.

Bahati ni kwamba mwenye mbuzi alikuwa mfanyabiashara. Kwenye picha moja alikuwa ameandika nambari yake ili wanunuzi wampigie. Bi Maimuna akapiga. Kabla hajajieleza, sauti upande wa pili ikasema, "Lile dume jeupe limekwenda, mama, lakini jeusi lipo, na lina adabu."

Tulikwenda Kinango siku ile ile, Mwero akiendesha bila kuwasha redio. Mwenye mbuzi, Tembo, alitupokea vizuri, lakini tulipotaja picha alitazama chini, na mkewe Sidi akatoka nyumbani na mwiko mkononi.

"Ndio hao? Wiki nzima namuuliza huyu mwanamume, hawa wanawake waliojipamba ni wa nani? Ananiambia wameingia wenyewe. Wanawake wanaingiaje wenyewe kwenye simu ya mtu?"

"Wameingia wenyewe, mwanangu," Bi Maimuna akamwambia. "Leo mumeo amesema kweli. Mshike vizuri."

Sidi alimtazama, akamtazama Tembo, kisha akakaa chini akacheka mpaka akajifuta macho. Tangu asikie sauti ya mwanamke simuni asubuhi ile, alikuwa ameshamnyang'anya mumewe simu na kuifukia kwenye pipa la mahindi. Aliifukua, akampa Beryl, wakazifuta picha pamoja, Sidi akihakikisha mwenyewe hata kule zinakobaki baada ya kufutwa. Mbuzi waliachwa.

Ndipo Bi Maimuna akamgeukia Tembo. "Kuna uliyemtumia?"

"Hapana, mama. Naapa."

"Kuna uliyemwonyesha?"

Tembo akakuna shingo. "Shemeji yangu, kaka yake huyu. Sidi alipokuwa mkali nilimwita anisaidie kujua ni watu gani hawa. Ni yeye tu."

Ni yeye tu. Maneno hayo tulirudi nayo mpaka Ukunda.

Bwana Alamin alitusubiri dukani. "Si zimefutwa?" akasema. "Basi yamekwisha. Tukienda kuyasema tutafunga duka." Simlaumu. Ana watu wa kulipa, nami ni mmoja wao, na siku ile moyo wangu ulikuwa upande wake. Bi Maimuna alivua viatu, akajisugua miguu. "Zimefutwa kwenye simu," akasema. "Mwenye picha hajaambiwa. Kesho nakwenda Msambweni. Ukija, nitafurahi. Usipokuja, nitasema nimetumwa na wewe."

Bwana Alamin alikwenda. Nasi tulikwenda. Tuliingia sisi wanawake kwanza, tukaamkia shikamoo, tukapewa maji. Bi Maimuna hakuzunguka. Aliwaambia bibi harusi na mama yake yote, pamoja na Tembo, pamoja na shemeji. Mama alimtazama binti yake. Kisha akasema, "Nilikuruhusu wewe uingie, Maimuna. Sikuiruhusu kompyuta."

Bi Maimuna akasema, "Ndivyo."

Mama alitaka picha zote zifutwe, kila mahali, mbele ya macho yake. Binti hakubisha, ila aliomba azione kwanza mara moja. Akapewa kamera. Alizitazama polepole kwenye kile kioo kidogo, nyingine akizirudia, mara moja akitabasamu kwa jambo analolijua yeye. Alipomaliza akairudisha. Bi Maimuna alizifuta huko, na kwenye kadi ya akiba, na kwenye kompyuta tuliyokwenda nayo, na Beryl akazifuta kwenye akaunti. Kwa hiyo yule msichana hana picha hata moja ya siku aliyopambwa. Ameniambia mwenyewe kwamba mpaka sasa akipita sokoni, mwanamume akimtazama mara mbili, anajiuliza. Hilo Beryl hawezi kulifuta, wala mimi, wala mtu yeyote.

Habari zilienea. Harusi za msimu ule zikaanza kutukimbia, kama alivyohofia Bwana Alamin, na mshahara wangu ukachelewa. Bi Maimuna hakuomba radhi kwa hilo. Aliendelea kuja saa mbili asubuhi. Alimwambia Bwana Alamin atafute kompyuta ya wanawake isiyo na mtandao kabisa, akatafuta. Mimi na Beryl tukajifunza kuuliza kila programu inataka nini kabla ya kuikubali, na kukataa inapotaka zaidi. Sasa picha za wanawake zikikabidhiwa kwa mwenyewe mkononi, naye akathibitisha zimetimia, nakala zetu zinafutwa akiwa ameketi pale pale. Wako wanaosema tunapoteza kumbukumbu za studio. Kumbukumbu ni zao. Sisi ni wapita njia.

Hayo ndiyo mafanikio yake, kwa maoni yangu, zaidi ya chumba cha giza na zaidi ya kapu. Studio nyingi hupata hitilafu. Sijui ngapi hupanda gari kwenda kusema.

Nimeandika haya nikiwa na hofu, na sitaificha. Kuanzia mwezi ujao nenosiri liko kwangu, na mimi ni mtu ninayesahau nilikoweka chupa ya mtoto. Nilimwambia Bi Maimuna hivyo. Alinijibu kuwa siku nitakayoacha kuogopa, nimrudishie ufunguo.

Wiki iliyopita simu ya dukani ililia. Alikuwa mama yule wa Msambweni. Ana binti wa pili, anaolewa Septemba. Alimtaka Bi Maimuna. Nikamwambia Bi Maimuna anastaafu.

"Na atakayekuja badala yake ni nani?"

"Ni mimi, mama."

"Una mtoto?"

"Ninaye. Wa kike."

"Basi njoo," akasema. "Utajua unachobeba."

Bi Maimuna, umealikwa pia, na safari hii si kazini. Mama amesema ukae mbele, pamoja na wageni. Tunakushukuru kwa mikono uliyotufundishia na kwa ukali uliotulindia wateja. Mwenyezi Mungu akupe afya, macho yasichoke, na nyumba yenye wajukuu na kelele. Na siku hiyo ya Septemba, kwa mara ya kwanza baada ya miaka ishirini na minane ya harusi, tunakutakia uile biriani ingali moto.