Wadi Ilivyomchukua Mwanaidi Kabla ya Hukumu

Assalaamu alaykum, jamaa wa sabla, baraza letu hili la Ibra! Nyie wa kule nyuma, wekeni vikombe chini mnisikilize, kahawa haikimbii. Ashukuriwe Mola aliyenitoa majini mzima, na roho yangu yote na nusu ya kanzu yangu! Semeni alhamdulillahi. Semeni tena, mmesema kama watu wenye njaa.

Ndugu zangu, mie Nasor mnanijua. Mnajua nikisema nimemwona samaki mkubwa, mgawanye kwa tatu ndiyo mpate samaki mwenyewe. Lakini leo nimesimama kutoa ushuhuda, na ushuhuda hautiwi chumvi. Nitatia kidogo tu, ya kuonja.

Miaka ile ya tisini wengi wenu mlikuwa mkiniona barabara ya Sinaw nikivuta nyumba yangu nyuma ya pikapu. Karavani! Kampuni moja ya barabara walipomaliza kazi yao waliiacha jangwani, mie nikaiomba, wakanipa mbio mbio nisije nikabadili mawazo. Watu walidhani nasafiri nayo halafu narudi nyumbani. Nyumbani wapi? Nyumbani ndiyo hiyo hiyo. Leo mlango wangu unatazama bahari ya Ashkhara, napakia samaki mkavu. Kesho unatazama mbuzi wa Sinaw. Keshokutwa nimeegesha Nizwa, namwaga maji ya chai dirishani kama sultani. Miaka minane sikuwa na jirani wa kugombana naye. Mbuzi wa Sinaw walinijua kwa jina langu na la baba yangu.

Na huyo baba yangu, Mola amrehemu, ndiye aliyeniachia mzigo. Alikuwa mwalimu Unguja. Wenziwe walipokuja huku Omani walikuja na dhahabu za wake zao zimeshonewa ndani ya nguo. Yeye alikuja na masanduku saba ya vitabu vya Kiswahili. Alipofariki, kaka zangu walichukua nyumba hapa Ibra na mitende, mie nikachukua masanduku. Watu wakasema maskini Nasor kapunjwa. Sikupunjwa, ndugu zangu. Nilivitaka mwenyewe. Tulipokuwa wadogo baba alikuwa akitusomea vile vitabu baada ya chakula, na mie nilikuwa nikiona kama sauti yake bado imo mle, nikifungua sanduku naisikia.

Vilikuwa vitabu elfu tatu. Haya, haya, mia nne, msinitazame hivyo! Vilijaa chini ya kitanda, vikajaa kwenye sinki, vikajaa kwenye friji. Friji lilikuwa bovu tangu nilipolipata, basi nikalifanya kabati la riwaya, maana riwaya ndizo nilizozipenda zaidi. Nikila, nala juu ya tenzi. Nikilala, nalala juu ya hadithi. Karavani ikawa nzito hata siku moja, kwenye mlima, ngamia akatupita. Akatupita, ndugu zangu, halafu akageuka akatutazama kwa huruma.

Sasa lipo jambo dogo sijawaambia. Kusoma sijui.

Chekeni tu. Mtoto wa mwalimu! Baba anafundisha watoto wa watu huku mbele, mie natoka dirishani huku nyuma. Dada yangu Zuwena ndiye aliyekaa akasoma, na nnajua ananisikiliza saa hizi kule ndani dirishani. Mara ngapi aliniambia, Nasor, herufi zenyewe ishirini na kitu tu, kaa nikufundishe. Mie namwambia kesho. Mara ngapi aliniambia, vilete vitabu vya baba hapa kwangu, chumba kipo, rafu nitatengeneza, hivyo vitakufia njiani. Nikamwambia anavionea wivu. Nilimwambia hivyo dada yangu! Nikawasha pikapu nikaondoka, wala chai yake sikumaliza.

Utauliza, basi vitabu nilivisikia vipi? Hapo ndipo anapoingia Koya. Huyo pale, aliyekaa karibu na mlango na masharubu yake meupe. Msimtazame sana, atadhani tunamsengenya, na kweli tunamsengenya, lakini hajui tunasema nini. Koya ni mtu wa Kerala, Bara Hindi. Nilimkuta Ashkhara kwenye kiwanda cha barafu, mtu mzima kama mie, kwao alikuwa karani. Akawa mwenzangu wa kazi, akahamia karavanini, analala upande wa sinki mie upande wa friji. Siku moja nikamwona kashika kitabu cha baba anakisoma kwa sauti. Mungu wangu! Kinatoka Kiswahili! Kimepinda kidogo, kina mlio wa pua, lakini Kiswahili kitupu, neno kwa neno. Koya alizijua herufi, maneno hayajui. Mie nayajua maneno, herufi sizijui. Tukiwekwa pamoja tunatoka msomi mmoja!

Basi tukaendelea hivyo miaka mitano. Kila siku baada ya alasiri tunaegesha, Koya anakaa kwenye kizingiti, anasoma ukurasa mmoja. Mmoja tu. Akitaka kugeuza wa pili namwambia khalas, bukra, basi, mpaka kesho. Nilikuwa bahili wa kurasa, ndugu zangu, nilitaka vitabu visiishe mpaka nife. Yeye anasoma uso mkavu kama anasoma orodha ya mifuko ya saruji, mie huku nacheka, nalia, napiga goti. Saa nyingine mtu wa hadithini akifanya upumbavu namtukana, halafu namgeukia Koya namweleza kwa Kiswahili ubaya wa mtu yule, kama vile ananielewa. Yeye ananitazama tu. Wasafiri niliowapa lifti nilikuwa nikiwaambia, mbele yake, huyu ni kasuku wangu, anasema kila kitu na hajui kitu. Mara nyingine nilimkuta peke yake kwenye kizingiti, kitabu mapajani, midomo inacheza. Nikacheka, nikasema kasuku anafanya mazoezi.

Kitabu cha mwisho kilikuwa cha Mwanaidi. Jalada lake lililiwa na mchwa tangu Unguja, jina lake silijui mpaka leo. Mwanaidi ni mwanamke mzuri, mpole, mume wake kafa baada ya kunywa kahawa, na kahawa kaipika yeye. Mji mzima unasema yeye ndiye aliyeua. Mie nilisema siye. Halafu nikasema ndiye. Halafu nikasema siye. Miezi minne! Nilikuwa napima samaki namfikiria Mwanaidi. Wallahi nilimwombea dua. Tukafika mahakamani, hakimu kakohoa, kavaa miwani, kasema, "Mimi, baada ya kuyasikiliza yote, naona ya kwamba mwanamke huyu..." Ukurasa ukaisha hapo. Koya akashika pembe ya karatasi, akanitazama, hakugeuza. Nakumbuka sana jinsi alivyonitazama. Mie nikasema khalas, bukra.

Ndugu zangu, hiyo bukra haikuja.

Kesho yake tunatoka Sinaw tunaelekea Ibra. Mbingu safi, jua linawaka, mvua imenyesha huko milimani siye hatuna habari. Tukaingia wadi. Mnaijua wadi, mto wa mawe na mchanga, mwaka mzima kavu kama mfuko wangu. Katikati gurudumu la karavani likaingia baina ya mawe mawili likakwama. Nikakanyaga mafuta, pikapu inalia, nyumba haitoki, ina vitabu mia nne vya baba tumboni. Mara tukaisikia. Nyie mmewahi kuisikia wadi inakuja? Kama malori mia yanashuka bila breki. Ng'ambo watu wamesimama na magari yao wanatupungia mikono.

Koya akashuka na chuma anataka kugonga pini inayoishika karavani kwenye pikapu, aiachie. Mie nikamshika mkono. Nikamwambia hapana. Nikamwacha nikakimbia kwenye mlango wa karavani, nikaingia, nikakumbatia sanduku, maji yapo magotini. Angalieni ujinga! Mtu na akili zangu nimekumbatia sanduku ambalo hata sijui limeandikwa nini. Nikahisi navutwa kanzu. Kanzu ikapasuka mpaka kwapani, Koya akanivuta kwa ile iliyobaki, akanitupa ndani ya pikapu kama gunia la dagaa. Akagonga pini mara moja. Akaingia, akakanyaga mafuta, tukapanda ukingo, na maji yakapita nyuma yetu, wallahi kama hapa nilipo na pale alipo huyo aliyeshika birika.

Ashukuriwe Mola! Huo ndio wokovu wangu wa kwanza, na mkono wake ulikuwa mkono wa Koya.

Lakini sikushukuru. Hapa ndipo ushuhuda wangu unaponiuma. Nikasimama ukingoni na nusu kanzu naitazama nyumba yangu inaelea. Mlango wa friji ukafunguka, riwaya zikatoka moja moja, kama watu wanaoteremka basi. Nikamgeukia Koya. Sikumpiga, maana sikuwa na nguvu. Nilimwambia kwa Kiswahili, polepole, "Kasuku wee. Umetupa usichokijua. Kwako yale yalikuwa makelele tu."

Yeye akanitazama. Akakamua shati lake. Nikasema moyoni, atajibu nini na hajaelewa? Siku ya pili akachukua mfuko wake akapanda gari ya watu, akaenda zake.

Wiki nzima nilitembea ule mkondo. Nilikuta kurasa zimenasa kwenye migunga, zimekauka, wino umeondoka wote, nyeupe kama sanda. Nikamkuta mbuzi anatafuna karatasi. Nikamuuliza, wewe, ndiyo ile ya hukumu? Dunia nzima yule mbuzi ndiye aliyemjua muuaji, na akameza.

Nikarudi kwa dada. Hakunisimanga. Bora angenisimanga! Alinifungulia kile chumba, na ndani, ndugu zangu, rafu zilikuwa zimeshatengenezwa. Ukuta mzima, mbao safi, zimepigwa rangi ya kijani. Alizitengeneza siku zile aliponiambia atazitengeneza, mie nikamwambia ana wivu. Miaka yote hii nalala mle nazitazama. Nimeweka pale chupa ya mafuta ya kupikia na viatu vyangu vya Idi. Rafu mia, na chupa moja ya mafuta.

Mwezi wa kwanza sikulala, nyumba haitikisiki. Halafu nikamwambia dada, haya, nifundishe hizo ishirini na kitu. Nina mvi mpaka masikioni, nnaandika a, e, i, o, u, na dada ananipiga vidole kwa rula, wallahi rula ya baba! Sasa nasoma. Polepole, kidole juu ya neno, lakini nasoma. Nasoma magunia ya mchele, maana kitabu cha Kiswahili hapa utakipata wapi? Vilikuwepo. Nilikuwa navyo mie.

Huo wokovu wa pili. Mola alinitoa kwenye maji, halafu akanitoa kwenye kiburi, na huu wa pili ulichukua muda zaidi, maana kwenye kiburi hakukuwa na mtu wa kunivuta kanzu.

Ijumaa iliyopita nimekwenda Nizwa kwenye soko la mbuzi. Naona duka la madaftari na mashine ya kutoa kopi, na ndani masharubu meupe. Koya! Miaka tisa! Tukakumbatiana, tukalia, nikamtia garini nikamleta. Njia nzima nataka kumwomba radhi. Lakini mie na yeye tuna kile Kiarabu chetu cha sokoni tu, kina samaki, kina barafu, kina dizeli, neno la majuto hakina. Nilimwambia samih, samih, akadhani naomba radhi kwa jinsi ninavyoendesha, akasema mafi mushkila, hakuna taabu, akafunga mkanda.

Basi nalisema hapa mbele yenu, japo mwenyewe hafahamu, ili mniwie mashahidi. Koya, mtu huyu aliniokoa na mie nikamwita ndege. Nilikula naye sahani moja miaka mitano na sikumuuliza hata mara moja unafikiri nini. Najuta. Vitabu vya baba najuta. Rafu za dada yangu najuta, na ile chai niliyoiacha. Na nyie, ndugu zangu, mtegemeeni Mola, msiogope kuachia alichokitaka. Lakini kama kitabu kipo na msomaji yupo, mwacheni asome mpaka mwisho! Msiseme bukra. Mie naingia kaburini na dhiki moja tu ya dunia hii, kwamba yule mwanamke nimemwacha amesimama mbele ya hakimu miaka tisa, na sijui kama...

Koya, mbona umesimama? Kaa, kaa, kahawa inakuja. Mnacheka nini nyie? Mwacheni aseme. Nini, Koya?

"Mwanaidi hakuua, Baba Nasor. Hakimu ndiye aliyeua."