Jenereta la Kanisa na Dada Yangu Injinia

Bwana asifiwe, na wale wa benchi la nyuma wanaowahi kutoka nao waitikie.

Ndugu zangu, mimi niko kidato cha tatu, na nikionekana hapa mbele kwa kawaida ni kwamba wazee wameniita. Leo nimekuja mwenyewe. Nataka kusema Mungu alichomtendea dada yangu Tumaini, na mimi nikapata cha juu.

Dada alipochaguliwa chuo kusomea uhandisi wa barabara na madaraja, Tunduma yetu ilisikia neno moja tu: injinia. Kabla hajapanda hata basi, jirani akaleta redio mbovu. Mjomba akatuma bomba la kupulizia dawa kutoka Ndalambo. Mama mmoja, na yumo humu ndani, akaleta pasi ya mkaa. Pasi ya mkaa, ndugu zangu. Itengenezwe nini, moto?

Dada alikuwa hajawahi kushika bisibisi. Chuoni akakuta wenzake wametoka shule za ufundi, wanataja vifaa kama wanavyotaja wadogo zao. Yeye akawa anatikisa kichwa kama ameelewa, kuuliza anaogopa. Likizo ya kwanza akarudi na mizigo yote, mpaka ndoo. Akaninong'oneza jikoni, "Mdogo wangu, mimi sirudi. Wote wanajua, mimi tu sijui." Wazazi hakuwaambia.

Jumapili ile, katikati ya sifa, jenereta likazima. Mzee wa kanisa akapaza sauti, "Injinia wetu si yupo? Tumaini, njoo utusaidie." Kanisa zima likageuka. Nikafumba macho nikaomba: Bwana, fufua jenereta, au leta mvua tutawanyike.

Dada akaenda mbele. "Shikamooni. Mimi nasomea barabara, na ndiyo kwanza nimeanza. Jenereta sijawahi kulifungua. Sijui. Na hata hizo barabara, mengi sijui."

Kisha Bibi Eliza, yule anayesinziaga wakati wa matangazo, akasema, "Sasa mjukuu wangu, ungekuwa unajua, chuo ungefuata nini? Wali?"

Kanisa likaangua kicheko, dada akacheka mpaka machozi. Tukaimba kwa ngoma. Jenereta, kumbe, lilikuwa limeishiwa mafuta. Mhusika amesamehewa.

Likizo ilipoisha, dada akabeba ndoo yake akarudi chuo. Sasa darasani yeye ndiye wa kwanza kuuliza, na wale wa ufundi wanamsubiri aulize, maana kumbe nao walikuwa wanatikisa vichwa tu. Nimeona watu wakiombewa wakaanguka. Ujasiri kama ule wa dada sijauona.

Mimi nilikuwa nimeamua kuacha fizikia. Sijaacha. Juzi nilinyoosha mkono nikasema, "Mwalimu, sijaelewa tangu Januari." Mwalimu akakaa chini.

Asante Yesu. Ndugu yangu uliyeitwa mahali usipopajua, nenda hivyo hivyo. Mwambie Bwana hujui, hatakucheka. Bibi Eliza atakucheka, lakini utapona.

Na mama wa pasi, iko chini ya kitanda changu, njoo uichukue. Dada yuko shule.