Picha za Jaruba Nilizozifuta

Nilisema ndiyo, ndugu zangu, siku ambayo nilitakiwa kusema hapana. Wageni wawili kutoka mjini walikaa kwenye banda langu la ufundi hapa Ifakara, wakaitazama programu yetu, wakasema, "Mzee, kazi nzuri, ila hizi picha ni za kitoto. Weka alama za kitaalamu." Nikakubali.

Wengi wenu mnaijua programu yenyewe. Unaburuta vipande vya picha kwenye simu, unavipanga kama matofali, na kile kibao kidogo cha umeme kinafuata ulivyopanga: maji yakipungua kinawasha pampu, yakijaa kinazima. Nyaya na kibao ni kazi yangu, fundi redio wa kidato cha nne. Picha alichora mtani wangu, mama mkulima wa mpunga kule Mbingu: jaruba lililopasuka kwa ukavu, jaruba lililojaa, kiganja kinachosema basi. Nilizifuta zote, nikaweka duara, mraba na mishale.

Alipoona, alinijia juu mbele ya watu. "We mzee, hivi viduara nani kakwambia ni maji? Utanizamishia miche!"

"Kwani ukoo wenu umeanza lini kuogopa matope?" nikamjibu. Watu wakacheka.

"Leo sitanii."

"Mnamsikia? Hata huo ni utani!"

Nawaambia ukweli, neno la mtani tumezoea kulipokea kwa kicheko, nami nilijificha ndani ya kicheko kile kwa sababu nilitaka sifa za wageni.

Msimu ulipoanza alipanga vipande, akaweka duara la maji mahali pa mraba wa kuzima, akaenda msibani. Pampu ilisukuma maji siku tatu. Aliporudi, kitalu kizima kilikuwa kimeoza, na majirani walikuwa wameshapandikiza. Hakuna aliyebaki na miche ya kumgawia. Nilikwenda, na neno langu la kwanza likawa, "Umekosea kupanga." Ndiyo, nilisema hivyo. Aling'oa mche mmoja uliooza, akaniwekea kiganjani, akaondoka.

Nilirudi nao mfukoni. Wapo walioniambia nimezeeka, niwaachie vijana. Sikuacha! Niliwafuata kina mama wa Mbingu na Mkula, nikawaomba wachore upya. Wakachora kwa vijiti kwenye tope, wakanikosoa, wakanicheka, mpaka bibi mmoja asiyejua kusoma alipopanga vipande peke yake na pampu ikazima palepale alipotaka. Juzi wageni wengine wamekuja na ombi lilelile. Nikawaambia, "Anayelima ndiye anayeamua picha. Mlango ule pale." Waje hata na msafara, jibu ni hilo.

Asanteni kina mama mlionivumilia. Asante mwalimu uliyeniazima kompyuta, yangu ilipokufa. Na wewe unayebuni kitu kwa ajili ya wenzako: mtani wako akikwambia leo hatanii, funga mdomo umsikilize.

Yule mama aliyeozewa miche nilimwomba radhi, akanisamehe, na programu anaitumia. Lakini zamani nikipita kwake alipiga kelele tangu barabarani, "Wewe bado hujafa tu?" Wiki iliyopita nilipita, nikamwambia mpunga wake umekonda kama yeye. Akasimama, akafuta mikono.

"Shikamoo, baba. Karibu."

Ile "ndiyo" yangu ilinipotezea mtani.